Komeo la Nje

Jumamosi ile ilianza vizuri, na hilo peke yake lingetosha kuwatia watu shaka. Kijembe kinyozi alifungua duka, akapuliza nywele za jana kutoka kwenye mashine, akamfunga mteja wa kwanza shuka shingoni na kumuuliza kama amekuja kunyolewa au kutubu. Mteja akacheka mpaka kidevu kikacheza, wembe ukamgusa. Ndivyo duka lile lilivyokuwa: unatoka na damu kidogo na furaha nyingi, na kesho unamleta shemeji yako naye akakatwe.

Haya aliyasimulia mke wa Kijembe, fundi cherehani wa duka la jirani, na kiganja chake ndicho shahidi. Lakini tusikimbilie kiganja. Tutakifikia.

Siku za kazi Kijembe alikuwa kinyozi. Jumamosi alasiri alikuwa mshereheshaji wa ukumbi, mtu wa kusimama mbele ya umati na kuuchekesha kabla mchezo haujaanza. Ukumbi wenyewe ulikuwa jengo kongwe kuliko yote mjini, la mawe, lenye jukwaa la mbao lililong'arishwa na nyayo za vizazi na roshani ambayo nusu ya ndoa za mji zilianzia gizani mwake. Madirisha yalikuwa juu, yenye nondo. Mlango wa nyuma ulikuwepo zamani, kamati ikauziba kwa matofali kwa sababu watu walipenya bila tiketi. Ukabaki mlango mmoja wa mbele, wa mbao nene kama kigogo cha bucha, wenye komeo la chuma kwa nje.

Komeo hilo la nje alilitaka Shangazi mwenyewe.

Shangazi alikuwa mfagiaji wa ukumbi. Mji mzima ulimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, ila kwa Kijembe alikuwa shangazi wa damu, dada wa baba yake, aliyemlea tangu ana meno ya maziwa. Kila Jumamosi aliingia kufagia, akaamuru afungiwe. "Komeeni kwa nje," alikuwa akisema. "Nyinyi mkiona sakafu safi, nyayo zinawawasha."

Akimaliza, hugonga kwa ndani kwa mpini wa ufagio. Ngo, ngo, ngo. Na nje, umati umeshajaa, Kijembe kasimama mbele yake, mkono juu ya komeo.

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba tumemzika jana. Wewe nani?"

Watu wanacheka. Shangazi anagonga tena.

"Leo hatununui kitu, mama. Jaribu nyumba ya pili."

Watu wanashika mbavu. Hapo ndipo Shangazi hufyatuka kwa sauti ya kuamsha mizimu: "Fungua, mwana wa kaka yangu, kabla sijawatajia hawa uliacha lini kukojoa kitandani." Umati unalipuka, Kijembe anavuta komeo, watu wanaingia. Kila wiki maneno yale yale, kila wiki kicheko kile kile. Na lazima lijulikane hili: komeo halikuvutwa kabla ya tusi. Tusi la Shangazi ndilo lilikuwa ufunguo.

Jumamosi ile, kugonga kulikuja mapema.

Tena hakukuwa na mpangilio. Ngo-ngo, ngo, ngo-ngo-ngo.

"Nani?" Kijembe aliuliza.

Kugonga tena, haraka haraka.

"Ala," Kijembe akawageukia watu, "leo mwenye nyumba kaja na ngoma yake."

Kicheko kikapanda. Kugonga kukazidi. "Taratibu, mama, mlango huo ni rika lako, na wenyewe bado una meno." Mwanamume mmoja alikaa chini vumbini kwa kucheka. Kijembe alijisikia mwepesi, ulimi umepakwa mafuta, na kila neno lilikuja likiwa limeshaiva. Hajawahi kuwa mzuri namna ile. Shangazi naye, aliwaza, leo anacheza kuliko siku zote, maana anagonga tu, hasemi. Anambania tusi ili limlipue vizuri.

Kugonga kukashuka. Kulikuwa usawa wa kifua, kukawa usawa wa goti.

"Jamani," akasema Kijembe, "Shangazi kafupika."

Hiyo ndiyo iliyowamaliza. Walipigana mabega, walilia machozi, wanawake walishikiliana wasianguke. Kugonga kukafika chini kabisa, pale mlango unapokutana na kizingiti. Kukawa si kugonga tena. Kukawa kukwaruza.

Kijembe aliinua kidole kunyamazisha watu. "Subirini," alinong'ona. "Anatafuta tusi jipya."

Wakasubiri. Mji mzima ulisubiri, kwa adabu, ukitabasamu.

Ndipo rangi ya mlango ilipoanza kufura malengelenge chini ya kiganja cha Kijembe.

*

Waya wa taa za jukwaani ndio uliowasha pazia, ndivyo ilivyosemwa. Walipovuta komeo, moto ulitoka nje kama uliokuwa kwenye foleni. Paa likaanguka, roshani ikafuata, kuta zikapasuka na kulala chini. Asubuhi palikuwa na uwanja wa majivu, na katikati ya mbele yake, peke yake, mlango umesimama kwenye fremu yake. Mweusi. Umekomewa. Hakuna aliyekumbuka kuukomea.

Mji ukaomboleza. Ukaomboleza ukumbi.

Maana msiba wa jengo una raha yake: maiti hanuki, wala hakuulizi ulikuwa wapi. Watu walifunga vitambaa vyeusi mkononi. Mzee mmoja alililia roshani kwa jina, kama mke wa kwanza. Waliokuwa hawajawahi kununua tiketi walizimia na kupepewa. Kilichopatikana cha Shangazi kilitosha kwenye sanduku dogo, kikazikwa mapema, jua halijawa kali, na watu wachache waliokuwa wakiangalia saa. Ukumbi ulipata maturubai na vipaza sauti. Shangazi alipata mwavuli mmoja.

Hakuna aliyetaja kugonga. Hawakukaa kukubaliana, walikubaliana tu. Ukishacheka na watu wote, huna wa kumshitakia.

Kijembe akarudi dukani. Alinyoa bila neno, na watu wakatoka na ngozi nzima na nyuso za huzuni. Kichwani mwake mlikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka duniani. Hakutaka msamaha, msamaha ni mkubwa, hakuona pa kuubebea. Alitaka atukanwe. Lile tusi la Jumamosi ile, alilolisubiri na ambalo halikuja, alitaka alisikie, hata kwa mnong'ono, ili mkono wake ujue kwamba sasa ni wakati wa kuvuta komeo.

Mwenyekiti wa kamati, muuza mabati, alikuja kunyolewa ndevu. Alikuwa mtu mwenye sauti ya kuagiza hata anapoomba maji.

"Jumamosi tunauaga rasmi ukumbi," alisema, povu limemfika masikioni. "Wewe ndiye utakayesema. Watu wamekuzoea."

"Na Shangazi nimtaje?"

"Mtaje. Kwa ujumla."

"Kwa ujumla vipi, Mwenyekiti?"

"Sema, 'ukumbi wetu na vyote vilivyokuwemo.'"

Kijembe aliweka wembe kooni kwa mwenyekiti, akavuta taratibu kwenda juu.

Ngo, ngo, ngo.

Wembe ukasimama. Kugonga kulitoka kwenye kabati la taulo, pembeni ya kioo. Kwa ndani. Kabati lenyewe halimtoshi hata paka.

"Panya," alisema mwenyekiti, bila kusogeza koo.

Ngo-ngo, ngo. Chini zaidi. Usawa wa rafu ya mwisho.

"Nani?" lilimtoka Kijembe. Mdomo ulikuwa umeshazoea; haukumwomba ruhusa.

Kitu kilikwaruza sakafu ya kabati, polepole, kama mtu anayetafuta ufa.

"Usifungue," alinong'ona mwenyekiti.

Kijembe akafungua. Taulo zilikuwa zimekunjwa, nyeupe, hazina doa. Chini yake, kwenye ubao, palikuwa na majivu. Yamefagiliwa yakawa kichuguu kidogo, na michirizi ya ufagio bado inaonekana, myembamba, kama ya ufagio wa ukubwa wa kidole.

Mwenyekiti aliondoka na ndevu za upande mmoja. Mlangoni aligeuka, povu linamdondoka shatini. "Nisikilize, Kijembe. Ukisema aligonga, basi mji huu mzima umeua. Sasa wewe utamnyoa nani?"

Ikawa hivyo siku zilizofuata. Ngo, ngo, ngo, kutoka kwenye pipa la nywele. Kutoka kwenye sanduku la cherehani la mkewe, mchana kweupe, yeye mwenyewe akiwa anashona. Kila walipofungua, hakuna kitu. Ila majivu, na yamefagiliwa vizuri.

"Hatoki kwa sababu hajaitwa," mkewe alimwambia mezani, chai imepoa mbele yao. "Simama Jumamosi, useme. Aligonga, tukacheka. Maneno mawili hayo, baba."

"Watanichukia."

"Kwani sasa wanakupenda? Wanakuogopa. Wewe ndiye pekee uliyekuwa na mkono kwenye komeo. Sisi tulikuwa na meno tu."

Kijembe aliinamia kikombe. "Nitasema," alisema. "Naapa, nitasema."

Chini ya meza, kitu kikagonga. Mara moja tu. Kama anayesema, haya.

*

Alasiri ya Jumamosi jua lilikuwa kali na mbingu haina hata wingu la kujisetiri. Watu walikuja wamevaa nyeusi. Uwanja wa majivu ulikuwa mpana, wangeweza kusimama popote. Walisimama pale pale pa siku zote, mbele ya mlango. Mazoea hayo. Ule mlango ulisimama peke yake, kushoto kwake upenyo, kulia kwake upenyo. Waliosimama pembeni waliona mbele yake na nyuma yake kwa wakati mmoja. Nyuma palikuwa na majivu matupu na anga.

Kijembe alisimama mahali pake.

"Ndugu zangu," alianza, "ukumbi wetu umetutoka. Umetutoka ukumbi, na shangazi yangu..."

Akawatazama. Nyuso zote zilikuwa zimemgeukia, na zote zilikuwa zinamwomba. Hazikuwa nyuso za wakatili. Zilikuwa za majirani, za vichwa alivyovijua kila nundu na kila kovu. Mwenyekiti alitikisa kichwa kidogo sana. Mkewe, mstari wa mbele, alikuwa akitamka bila sauti: sema.

"Ukumbi wetu," alisema Kijembe, "na vyote vilivyokuwemo."

Umati ukashusha pumzi, wote pamoja.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kwa ndani ya mlango usio na ndani.

Hakuna aliyesogea. Waliosimama pembeni walitazama nyuma ya mlango. Hapakuwa na mtu. Mbao zilikuwa zikitikisika.

Mkewe alinong'ona, "Fungua."

Mkono wa Kijembe ulikuwa juu ya komeo tayari. Alitaka kulivuta, baadaye mkewe aliapa kwamba alimwona akitaka. Lakini ulimi ulitangulia.

"Nani?"

Ngo, ngo, ngo.

"Mwenye nyumba tumemzika jana. Wewe nani?"

Mtu mmoja alicheka. Ilimponyoka, kama chafya. Wa pili akamfuata. Halafu wote. Hakuna aliyetaka. Walijishika midomo, na kicheko kikapenya vidoleni. Macho yalikuwa ya vilio na matumbo yalikuwa ya vicheko. Na Kijembe aliendelea, machozi yakimtiririka, maneno yakimtoka moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule wa siku ile. Kaja na ngoma yake. Mlango una meno. Kugonga kulishuka. Kifuani. Gotini.

"Shangazi kafupika."

Walianguka vumbini kwa kucheka. Wengine walitapika wakicheka.

Kizingitini. Kukwaruza.

Kisha kimya. Na ndani ya kimya kile, kwa mara ya kwanza tangu moto, sauti. Kavu. Ya karibu sana.

"Fungua, mwana wa kaka yangu."

Hakumalizia. Hapakuwa na kukojoa kitandani, hapakuwa na utani. Nusu ya tusi tu. Lakini kwa Kijembe ilitosha. Uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyeitwa kula. "Naam, Shangazi," alisema. "Nakuja." Akavuta komeo, akausukuma mlango, akaingia.

Waliokuwa mbele walimwona akiingia. Waliokuwa pembeni, wanaoona nyuma, hawakumwona akitokea.

Mlango ukajifunga. Komeo likateleza, polepole, mpaka mwisho wake.

Ngumi zikaanza.

"Nani?" aliuliza mtu katikati ya umati. Hakuna aliyekiri baadaye kwamba ni yeye.

"Jamani, ni mimi. Nifungulieni."

Watu wakacheka. Aliifanya vizuri sana.

"Kuna moto huku. Naapa kuna moto."

Wakacheka zaidi. Alikuwa mchekeshaji, mchekeshaji akiapa, ndipo hasa unapocheka.

Mkewe ndiye pekee aliyekimbia. Alilishika komeo kwa kiganja kizima, na lilikuwa jekundu. Aliisikia ngozi yake ikilia kama kitunguu kikaangoni, na hakuachia. Halikusogea. Akabandika mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Tukana," alimnong'oneza. "Halifunguki bila tusi. Nitukane mimi, mtukane mama yangu, yeyote. Tukana, mume wangu."

Ndani palikuwa na kikohozi. Alimsikia akivuta pumzi, akitafuta. Lakini huyo mtu alikuwa amelelewa kuchekesha. Shangazi ndiye aliyejua kutukana. Kilichotoka, kwa sauti iliyokwisha, kilikuwa hiki:

"Mke wangu... nimechelewa kwa sababu nilikuwa nanyolewa."

Umati ukalipuka. Hicho ndicho kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote. Chini yake, ngumi zilishuka. Kifuani. Gotini. Kizingitini.

Kukwaruza.

Mwenyekiti alipanguza macho, akajiweka sawa koti. "Tumemaliza," alisema. Na watu, kwa sababu hawakujua mikono yao waiweke wapi, wakapiga makofi.

*

Nyuma ya mlango walikuta majivu yamefagiliwa kwa michirizi safi, kutoka kizingitini mpaka lilipokuwa jukwaa. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Polisi walikuja, wakaandika kwamba kinyozi ametoweka, wakaondoka. Mlango uling'olewa ukawekwa kwenye bohari la mwenyekiti, uso kwa ukuta, mabati yamerundikwa juu yake. Wafanyakazi wa bohari hawaingii Jumamosi. Wanasema ni siku yao ya mapumziko.

Mji unajenga ukumbi mpya. Utakuwa na milango mingi.

Mjane wa Kijembe bado anashona, kwa mkono wa kushoto zaidi. Kiganja cha kulia kina kovu la komeo, limechapwa lote: ufito wa chuma, kishikio chake, na pete ufito unamoingia. Ukimwomba atakuonyesha, kisha atarudisha mkono mapajani na kuendelea na pindo la nguo.

Lilipopona, ufito ulikuwa umezama wote ndani ya pete. Alikuwa na uhakika, maana aliutazama kila siku akibadilisha bandeji. Kisha wiki moja akaona umerudi nyuma kidogo. Wiki iliyofuata ukarudi tena. Mwenyekiti alipoonyeshwa alisema ngozi hujikunja ikipona, jambo la kawaida, akacheka kidogo. Mwezi huo huo alihama mji, na ufunguo wa bohari aliuacha juu ya cherehani ya mjane, bila salamu.

Sasa ufito umebakisha upana wa ukucha ndani ya pete. Unasogea Jumamosi tu, alasiri. Mwenyewe anasema hauumi. Unawasha.